Kununua mashine ya kukereza chuma iliyotumika: mwongozo kamili kwa karakana ya nyumbani, Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Iringa hadi Tunduma, kila wiki kuna mtu ana shafti ya mashine ya kusaga iliyokatika, trela la pawatila lililomaliza bushi, au msumeno wa mbao uliokula pulei yake. Mwenye mashine ya kukereza jirani na nyumba yake hakosi kazi. Mashine mpya iliyo imara ni ghali kwa fundi anayeanza, na mpya za bei nafuu mara nyingi ni nyepesi mno kwa kazi za huku kwetu. Ndiyo maana wengi tunaishia kwenye iliyotumika. Mimi naiona njia hiyo ni sahihi kabisa, kwa sharti moja: fahamu kwamba unachonunua hasa ni kitanda na spindo.

Kitanda ni ule mwili mrefu wa kasti (chuma cha kusubu) wenye reli juu yake. Spindo ni mhimili unaobeba chaki, yaani kibanio chenye taya, na kuzungusha kazi, yaani kipande kinachokerezwa. Mota hubadilishwa, chaki hununuliwa, nati huchongwa upya, mkanda utaupata sokoni Mwanjelwa, Mbeya. Lakini kitanda kilicholika lazima kiende kusawazishwa kwenye mashine kubwa zaidi, au kikwanguliwe kwa mkono na fundi bingwa, na gharama ya kazi hiyo pamoja na usafiri huweza kupita bei uliyonunulia. Yote yanayofuata hapa yametokana na jambo hilo.

Anza na kazi zako

Kabla ya kuuliza bei, jiulize wateja wako ni akina nani. Fundi wa Mbarali atapata shafti na pulei za mashine za kukoboa mpunga. Wa Mbozi ataletewa vipuri vya mashine za kumenya kahawa. Wa Mafinga na Makambako atahudumia misumeno ya mbao, na wa Chunya atahudumia makarasha ya wachimbaji wa dhahabu. Kazi hizo hazilingani ukubwa.

Vipimo vitatu ndivyo vinavyoamua. Cha kwanza ni kipenyo kikubwa kabisa cha kazi kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda bila kugusa. Cha pili ni urefu kati ya senta na senta, yaani ncha mbili zinazoshikilia kazi huku na huku. Cha tatu ni tundu la spindo, maana ndilo linaloruhusu nondo ndefu kupita ndani ya kichwa, yaani sanduku linalobeba spindo na gia. Muuzaji akikuambia "hii ni futi sita", mara nyingi anapima kitanda chote, na kichwa na telistoki (kishikilio cha senta upande wa pili wa kitanda) vimekwisha kula sehemu ya urefu huo. Chukua utepe upime mwenyewe. Uliza pia kama kitanda kina kipande kinachotolewa karibu na chaki. Kipande hicho kikitolewa, pulei pana inayozidi kipimo cha kawaida inaweza kuingia.

Kwa ukubwa, mashine utakazokutana nazo ziko za aina tatu. Kuna ndogo za mezani, kama Myford ML7 ya Uingereza iliyoanza kutengenezwa mwaka 1946, ambayo kipenyo juu ya kitanda ni milimita 178 tu. Ni nzuri kwa bushi ndogo na vipuri vya pikipiki, lakini shafti ya mashine ya kusaga itaitesa. Kuna za kati, kama Colchester Student na Harrison, zenye uzito wa kati ya nusu tani na tani moja. Halafu kuna kubwa, kama CA6140 ya China na 1K62 ya iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, zenye kipenyo cha milimita 400 na uzito wa tani mbili hivi.

Kwa karakana ya nyumbani nasema bila kusita: tafuta ya kati. Kubwa inavutia kwa sababu mara nyingi bei yake kwa kilo ni ndogo, lakini itakudai umeme, sakafu na usafiri ambao nyumba nyingi hazina.

Umeme uamuliwe kabla ya bei

Mashine nyingi zilizotoka viwandani zina mota ya fezi tatu, na nyumba nyingi zina fezi moja. Kama nguzo zinazopita mtaani kwako zina fezi tatu, nenda ofisi ya TANESCO uulize gharama ya kuunganishiwa, upate jibu kwa maandishi. Usinunue mashine kwa matumaini kwamba umeme utafuata.

Kama fezi tatu haipatikani, zimebaki njia mbili. Moja ni kuweka mota ya fezi moja ya volti 230. Ni rahisi kueleweka na kila fundi umeme anaimudu, ila mota hiyo huanza kwa kishindo na haipendi kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Nyingine ni inveta, kifaa kinachopokea fezi moja na kutoa fezi tatu, tena kinakupa uwezo wa kubadilisha kasi kwa kuzungusha kitufe. Mimi napendelea inveta kwa mota zisizozidi kilowati 2.2.

Hapa soma bamba la mota kwa makini. Inveta inayoingiza volti 230 za fezi moja hutoa volti 230 za fezi tatu, haitoi 400. Kwa hiyo mota iandikwe 230/400, na nyaya zake zifungwe kwa mtindo wa delta. Mota iliyoandikwa 400/690 haitafanya kazi vizuri kwa njia hiyo. Mota za kasi mbili pia zina usumbufu wake, kwa hiyo mwoneshe fundi umeme picha ya bamba kabla hujalipa. Na swichi ya kuwasha na kuzima iunganishwe kwenye vituo vya kuamuru vya inveta. Usiiweke kati ya inveta na mota, kwani kukata umeme hapo wakati mota inazunguka kunaweza kuiunguza inveta.

Mashine kama CA6140, yenye mota ya kilowati 7.5, usijaribu kuileta kwenye nyumba ya fezi moja.

Pa kutafuta

Anza karibu. Zunguka karakana za eneo la SIDO (shirika la viwanda vidogo) na Iyunga jijini Mbeya, uliza Mafinga kwenye viwanda vya mbao, uliza mafundi wa viwanda vya chai Mufindi na Rungwe. Mashine iliyotumika kwenye karakana ya kiwanda ili kutengeneza vipuri vya kiwanda hicho mara nyingi haikuchoshwa kama ile iliyokereza kitu kimoja asubuhi hadi jioni miaka yote. Fuatilia minada ya mali chakavu za taasisi za umma na vyuo. Mashine za kufundishia zina tabia yake: kitanda huwa kizima, lakini vipini, chaki na gia vimepigwapigwa na wanafunzi. Hizo zinafaa kutazamwa.

Dar es Salaam, hasa Gerezani, kuna uchaguzi mpana zaidi, ila utasafirisha zaidi ya kilomita 800 kufika Mbeya. Tunduma nako mashine huvuka kutoka Zambia. Ukinunua ya upande huo, forodha iwe sehemu ya hesabu tangu mwanzo, na umtumie wakala mwenye leseni.

Siku ya kukagua

Mpigie muuzaji kabla ya safari, umwombe mashine iwe imeunganishwa umeme. Akisema mota iko kwa fundi au waya umekatwa, ahirisha, au nenda ukijua kwamba utalipa bei ya mashine isiyojulikana kama inafanya kazi.

Beba tochi, sumaku ndogo, pimamaji, venia, maikromita, daili (saa ya kupimia mchezo) yenye kishikio cha sumaku, kitambaa, kisu chako cha kukerezea kilichonolewa, na kipande cha nondo laini ya duara chenye kipenyo cha milimita 40 hadi 50. Kama huna daili, azima. Ukiweza, nenda na mtu aliyefanya kazi hii muda mrefu.

Ukimkuta aliyekuwa akiitumia, mwamkie vizuri na ukae naye kabla ya kushika chochote. "Shikamoo mzee, hii mashine ilikuwa ikichonga nini zaidi?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko rangi yote iliyopakwa. Mashine iliyokereza kasti kila siku imekula vumbi linalosaga reli. Iliyotumika kusaga kwa jiwe juu ya kitanda imeumia zaidi. Wazee wa karakana wakiulizwa kwa heshima husema kweli, hata mwenye mali asipotaka.

Sasa kitanda. Kifute kwanza. Karibu na chaki ndiko kazi nyingi hufanyika, kwa hiyo ndiko kunakolika. Pitisha ukucha pale keriji (sehemu inayobeba kisu na kuteleza juu ya reli) inapoishia, mahali ambapo reli haiguswi na keriji na pale inapoguswa. Ukihisi ngazi, uchakavu umeanza. Halafu fanya jaribio hili, ambalo halihitaji kifaa chochote: ipeleke keriji karibu na chaki, kaza kidogo skrubu yake ya kufungia hadi ianze kuwa nzito kusukuma, kisha isogeze kuelekea telistoki. Ikienda kwa uzito uleule, kitanda kimelika kwa usawa au hakijalika. Ikikwama njiani, ujue karibu na chaki kumeshuka. Kukwama kidogo mwishoni ni kawaida kwa mashine yenye umri. Ikikwama katikati ya kitanda, ondoka, au ununue kwa bei ya chuma chakavu kwa kazi zisizohitaji usahihi.

Angalia pia mikwaruzo mirefu, mashimo ya chaki iliyodondoka, na dalili za kasti iliyopasuka ikaunganishwa kwa kuchomelea. Rangi mpya nene sehemu moja tu iwe sababu ya kuchungulia kwa tochi.

Spindo inafuata. Toa chaki kama muuzaji anaruhusu, weka daili kwenye pua ya spindo, izungushe polepole kwa mkono. Sindano ikicheza ndani ya sehemu moja au mbili za mia za milimita, uko vizuri. Kisha ingiza gongo imara la mbao kwenye tundu, linyanyue na kulishusha. Ukiona sindano inaruka sana, beringi zina mchezo. Huenda zinahitaji kukazwa tu, huenda zimekwisha. Ulizia mapema bei ya beringi zake, maana beringi za spindo za kiwango cha usahihi si sawa na za gari. Kwenye Myford ML7 spindo hukalia metali nyeupe, si beringi za gololi, na marekebisho yake ni ya namna nyingine.

Washa. Anza kasi ya chini, panda moja baada ya nyingine, usiruke hata moja. Sikiliza. Mlio wa gia ulio sawasawa hauna shida. Mlio wa "ta-ta-ta" unaofuata mzunguko ni jino lililovunjika. Fungua kifuniko cha kichwa utazame meno kwa tochi, na upitishe sumaku kwenye oili. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande ni habari mbaya. Oili yenye rangi ya maziwa imeingia maji. Kama mashine ina klachi, sukuma wenzo mbele na nyuma mara kadhaa, kisha ikate chuma kwa kina cha kutosha uone kama inateleza. Iache izunguke nusu saa kwenye kasi ya kati huku ukiendelea na mengine, kisha shika kichwa juu ya beringi. Joto la kawaida halina neno. Kama mkono haukai, kuna tatizo.

Wakati huo kagua skrubu ndefu inayoongoza keriji wakati wa kukata hesi. Tazama hesi za karibu na chaki, uzilinganishe na za upande wa telistoki ambazo hazijatumika. Zikiwa zimechongoka kama kisu, zimekwisha. Shika nati nusu, ile inayoibana skrubu hiyo, uone kama inauma bila kuruka. Geuza kipini cha krosi slaidi, inayosogeza kisu kuingia na kutoka kwenye kazi, kwenda na kurudi: robo mzunguko wa mchezo unavumilika, na ukizidi nusu mzunguko nati ya ndani inahitaji kuchongwa upya. Sikatai mashine kwa sababu hiyo, naipunguza bei tu.

Telistoki: weka senta kwenye spindo na nyingine kwenye telistoki, zisogeze zikutane ncha kwa ncha. Ya telistoki ikiwa chini, msingi wake umelika. Kwa kawaida hutibiwa kwa kuweka shimu, yaani bati jembamba la kuinulia.

Mwisho, kata chuma. Usikubali kulipa kabla ya hatua hii. Funga nondo yako kwenye chaki, itokeze milimita 150 hivi bila kuishikilia na telistoki. Punguza katikati ili zibaki kola mbili, moja karibu na chaki na nyingine mwishoni. Kisha, bila kugusa kina cha kisu, kereza kola zote mbili kwa mpito mmoja mwembamba na kisu kikali. Pima zote kwa maikromita. Zikitofautiana sehemu moja au mbili za mia za milimita, hiyo ni mashine ya kazi. Zikitofautiana sana, usiikatae papo hapo. Weka pimamaji juu ya kitanda kwanza, kwa sababu mashine iliyokalia sakafu mbovu hujipinda, na ikiwekwa sawa tofauti hiyo huweza kupungua au kwisha. Baadaye kata hesi fupi, ujaribu nati juu yake.

Milimita au inchi

Mashine nyingi za zamani za Uingereza zina skrubu ndefu ya inchi. Matrekta na pawatila nyingi za sasa zina hesi za milimita, wakati mabomba yetu bado ni ya inchi. Skrubu ya inchi hukata hesi za milimita kikamilifu ikiwa seti ina gia ya meno 127, kwa sababu inchi moja ni milimita 25.4, na 127 mara mbili ni 254. Uliza kama gia hiyo ipo. Isipokuwepo, uliza nani ataichonga na kwa bei gani.

Hapa ndipo wengi huumia: vifaa vinavyoambatana. Chaki ya taya tatu, ya taya nne, sahani ya kufungia kazi, stedi ya kushikilia shafti ndefu, gia za kubadilisha, senta inayozunguka, chaki ya kekee, kishika kisu, funguo. Andika kila kilichopo na kila kilichokosekana, kisha piga simu Gerezani uulize bei ya kila kilichokosekana. Jumlisha. Mashine ya bei ya chini isiyo na stedi wala gia inaweza kuwa ghali kuliko ya jirani yenye kila kitu. Kwenye chaki, hakikisha taya zina namba 1, 2, 3 na zote ni za chaki hiyohiyo. Funga nondo iliyonyooka, utazame mwanga: ukiona nafasi kwenye midomo ya taya huku zikibana ndani tu, zimepanuka na hazishiki vizuri.

Makaratasi

Piga picha namba ya mashine, ambayo mara nyingi imegongwa mwishoni mwa kitanda upande wa telistoki. Iandikwe kwenye mkataba wa mauziano pamoja na orodha ya vifaa, mashahidi wasaini, na ikiwezekana mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri. Kama ni mali ya mnada, dai hati ya mnada. Mali ya taasisi isiyo na karatasi usiiguse, hata bei iwe ya kutamanisha kiasi gani.

Kuisafirisha

Mashine ya kukereza ni nzito juu na upande wa kichwa, kwa hiyo hupinduka upesi. Sukuma keriji na telistoki mwisho wa kulia ili uzito ujisawazishe, vifunge visitembee. Mkanda wa kunyanyulia upite chini ya kitanda. Usipite kamwe kwenye skrubu ndefu wala kwenye fito zilizo sambamba nayo, kwani zikipinda umeharibu ulichokagua siku nzima. Chenbloku (kapi ya mnyororo ya kunyanyulia) juu ya miguu mitatu ya bomba nene inatosha kwa mashine ya kati. Ifunge kwa boliti kwenye magogo mawili mapana, ndipo isukumwe juu ya vipande vya bomba hadi kwenye kenta. Asiwepo mtu upande ambao mashine inaweza kuangukia, hata kwa dakika moja.

Paka reli grisi, funika kwa turubai, kaza mikanda pande nne. Mwambie dereva waziwazi kilicho nyuma, hasa kama mtapanda Kitonga, ambako kona ni kali na mteremko mrefu. Simama baada ya kilomita chache za mwanzo ukaze tena.

Kuisimamisha na kuilinda

Sakafu iwe zege nene. Kwa mashine ya kati, sentimita 15 zinafaa. Weka bamba za chuma chini ya skrubu za miguu, pima kwa pimamaji kwa urefu na kwa upana, karibu na chaki na karibu na telistoki, hadi sehemu zote mbili zisome sawa. Badilisha oili zote. Kwa reli, oili ya daraja la ISO 68 inafaa. Kwa kichwa fuata kitabu cha mashine. Oili chafu ya gari iliyomwagwa usiitumie popote, ina masizi na unga wa chuma unaosaga reli taratibu.

Baridi ya huku inadai uangalifu wa pekee. Mwezi Juni na Julai, asubuhi kasti huwa baridi sana, na hewa yenye unyevu ikiingia umande hushika juu yake, huku bati nalo likidondosha matone. Futa na upake oili kila jioni, funika kwa kitambaa kinachopumua. Nailoni hufungia unyevu ndani. Kama unafanya na useremala, tenga vyumba. Vumbi la mbao hunyonya oili kwenye reli na kuleta kutu chini yake.

Kwa kuwa ni nyumbani, weka kufuli kwenye swichi kuu, watoto wasifike. Mikono mirefu, glovu, kitenge na nywele ndefu visikaribie spindo inayozunguka. Ufunguo wa chaki usiuache kwenye chaki hata kwa sekunde. Na kama chaki yako hufungwa kwa hesi kwenye spindo, usigeuze mzunguko ghafla, maana inaweza kufunguka ikiwa kwenye kasi.

Mashine ikishakaa wiki tatu au nne, zege na miguu vikishatulia, rudia jaribio la kola mbili kwa nondo ileile, kisha kaza skrubu za miguu pale panapohitaji kabla ya kupokea shafti ya mteja.